Fundi Zamda anayezipoza nyumba za bati Kibiti

Saa nane mchana, mtaa mzima umehamia nje. Jua la Februari limewaka Kibiti, na wenye nyumba za bati wamezikimbia. Wapo waliojinyoosha kwenye mikeka uchochoroni, wapo walioegemea ukuta wa msikiti upande wa kivuli. Zamda Amri yeye anaingia ndani.

Anapiga hodi, anavua ndala, anakwenda moja kwa moja hadi chumba cha kulala cha Bi Mwamvua. Kipimajoto kimefungwa kwa uzi kwenye tendegu la kitanda. Kinasoma nyuzi ishirini na tisa. Anatoka, anavuka uchochoro, anaomba ruhusa kwa jirani na kusoma cha pili: thelathini na nane. Namba zote mbili anaziandika kiganjani kwa kalamu.

“Saa hii nyumba haiwezi kukudanganya,” anasema. “Asubuhi kila nyumba nzuri. Ije saa nane ndiyo utaijua.”

Zamda, mwenye miaka 44, ni fundi ujenzi, ila hajengi nyumba mpya. Kazi yake ni kuzichukua nyumba kuukuu za familia na kuzifanya zikae poa zenyewe, umeme utumike kidogo, feni ipumzike. Katika miaka mitatu amemaliza nyumba kumi na moja, Kibiti na Ikwiriri. Nyumba moja humlipa wastani wa laki tatu na nusu baada ya kutoa vifaa, na humchukua wiki tatu.

Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akijenga nyumba za kukandika kwa miti ya mikoko huko Maparoni, kwenye visiwa vya delta, mto unapoingia baharini. Zamda alikuwa akimkanyagia udongo tangu ana miaka tisa. Alipoolewa Kibiti akauacha, akauza vitumbua miaka kumi na mitano.

Kilichomrudisha ni nyumba hii ya Bi Mwamvua.

Marehemu mumewe Bi Mwamvua aliijenga mwaka 1978, kuta nene za udongo, paa la makuti. Baadaye mtoto wao wa kwanza, Abdulatifu, anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam, alimwezekea mama yake bati na kuzipiga kuta plasta ya saruji. Nyumba ikapendeza. Lakini ikawa tanuri.

“Nilikuwa nalala chini, mlango wazi, nimelowesha kanga nimejifunika,” anasimulia Bi Mwamvua, ambaye sasa ana miaka 73. “Siku moja nikaanguka jikoni. Daktari akaniambia, bibi, ni joto tu hilo. Sasa joto la ndani kwangu nilikimbie niende wapi?”

Abdulatifu alipopata habari alileta feni mbili. Umeme wa kununua kwa mwezi ukawa hautoshi nusu mwezi. Hapo akakata shauri: nyumba ivunjwe, ijengwe ya bloku. Mama akakataa. Ndani ya kuta zile alizaa watoto sita.

Zamda, aliyekuwa akimpelekea vitumbua kila asubuhi, akamwambia, “Mama, niachie miye nijaribu kuiwekea dari.”

Akajaribu. Alisuka dari ya matete, akaijaza pumba za mpunga ambazo mashine za kukoboa huzitupa, kwa kuwa pumba huzuia joto la bati lisishuke. Akaziba kila tundu la hewa. Kwa miezi minne nyumba ilikuwa raha.

Halafu masika yakaja. Maji yakapenya kwenye matundu ya misumari, pumba zikanywa maji, na kwa kuwa hapakuwa na pa kupitisha hewa, hazikukauka. Alasiri moja dari yote ya chumbani ilishuka kwa kishindo juu ya kitanda. Bi Mwamvua alikuwa ametoka dakika chache kabla, kwenda kutia udhu.

“Nilikaa pale kwenye tope la pumba nikalia,” anasema Zamda. “Sikulilia dari. Nilikuwa nawaza, angekuwa amelala je?”

Mtaani wakampa jina, Bi Pumba. Wateja wawili waliokuwa wameahidi kazi wakaghairi. Abdulatifu alipiga simu, akasema maneno mawili tu: “Basi, inatosha.” Akaahidi kuja Idi na mafundi wa kuvunja.

Zilikuwa zimebaki wiki saba. Zamda alirudi kwa Bi Mwamvua, akapiga magoti, akaomba kuirudia kazi bila malipo.

“Nikamwambia, mwanangu, weye uliteleza, hukuanguka,” anakumbuka Bi Mwamvua. “Inuka ukachanganye udongo.”

Safari hii alianza juu. Aliziba matundu ya misumari, akainua bati kwa shubiri moja ili hewa ya moto itoke chini ya paa, akalipaka chokaa nyeupe lirudishe jua. Pumba alizianika, akazichanganya na chokaa, akazipanga nyepesi juu ya matete mapya. Plasta ya saruji akaibandua yote, akakandika upya kwa udongo ili ukuta upumue. Upande wa magharibi, jua la jioni linakopiga, akaongeza baraza la makuti. Madirisha akayafanya yatazamane.

Abdulatifu alifika siku ya pili ya Idi, mchana, na mafundi wawili. Mama alimwambia apumzike kwanza, wenzake wale pilau barazani. Akajilaza kitandani kwa mama. Aliamshwa na adhana ya Alasiri.

“Nikamuuliza mama, feni ya humu umeificha wapi? Mbona siisikii?” anasema Abdulatifu kwa simu, akicheka. “Akanionyesha. Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko. Nikatoka nje nikawaambia wale mafundi, jamani, kuleni mshibe, kazi hakuna.”

Siku hizi umeme aliokuwa akiumaliza kwa wiki mbili, Bi Mwamvua hukaa nao miezi miwili na zaidi, kwa taa, redio na jokofu dogo. Masika mawili yamepita. Dari ipo.

Jina la Bi Pumba nalo lipo, ila Zamda anasema sasa watu hulitaja wakitafuta namba yake ya simu. Huwafundisha kazi wanawake watatu, Mashavu, Hajira na Yasmini. Kila wanapoanza nyumba, huwapandisha darini kabla ya yote wakatafute tundu la mvua.

Mwaka huu ana kazi moja ambayo hataitoza pesa. Ni nyumba ya wazazi wake Maparoni. Baba hayupo tena. Mama anaishi peke yake chini ya bati ambalo Zamda mwenyewe, kwa pesa ya vitumbua, alimnunulia akidhani anamtendea wema. Mavuno ya mpunga yakiisha, atapanda boti kwenye gati la Nyamisati na vifaa vyake.

“Nimemwambia mama asichome pumba, azitunze kwenye viroba,” anasema. “Kila Ijumaa ananipigia kunipa hesabu. Juzi vilifika kumi na tisa. Nahitaji arobaini.”