Tulipopanda na Isale kwa Baba Mkubwa

Tuliokuwapo siku ile ni mimi, mdogo wangu Elia, na kitindamimba wetu Zawadi, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Kule juu tuliwakuta baba mkubwa na mama mkubwa. Basi, hao tu. Namshukuru Mungu sote watano bado tunapumua.

Ninyi mliokulia Kimandolu wakati wetu mtakumbuka kwamba hatukupanda mlimani kwenda kutembea. Mlima wa Meru ulikuwa nyumbani kwa watu. Ukitumwa kwa bibi unapanda, ukitumwa kuni unapanda, ukisikia kuna msiba unapanda na sufuria kichwani. Viatu vya kazi hiyo havikuwapo. Elia alikuwa na yeboyebo zilizoshonwa kwa waya, mimi nilivaa ndala za marehemu mama, na Zawadi alivaa nyayo zake. Leo nikifungua genge langu la mboga Jumamosi asubuhi, nawaona vijana wakipita kwa makundi, kila mmoja na fimbo mbili kama mzee aliyevunjika nyonga, na saa mkononi ya kumwambia kama amechoka. Sisi tulijua tumechoka pale Zawadi alipokaa chini.

Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama alipomfuata, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, ndugu walikaa kikao sebuleni kwetu. Elia aende kwa mjomba Babati, Zawadi achukuliwe na shangazi Moshi, mimi nitafutiwe kazi za ndani mjini. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na wa kwake wa kulisha, na mtoto mmoja huongezewa maji kwenye mchuzi kwa urahisi kuliko watatu. Lakini neno la mwisho lilikuwa la baba mkubwa, kaka yake baba, naye mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kushuka. Wangemwendea Jumapili baada ya ibada. Nikawaamsha wadogo zangu Jumamosi, jogoo wakiwika, nikawaambia twende sisi kwanza.

Njia ile naiona hata sasa. Unavuka mto kwa kurukia mawe, unaingia kwenye mibuni iliyotoa maua, harufu yake tamu mpaka unahisi njaa. Halafu migomba, giza la kijani, maji ya mfereji yakikimbia pembeni baridi kama kisu. Tulikunywa kwa viganja. Tulikula mapera yaliyoanguka kwenye shamba la mtu, na mengine ambayo hayakuwa yameanguka. Karibu na msitu mbega walikuwa juu ya miti, mikia yao myeupe ikining'inia kama mataulo yaliyoanikwa, na Zawadi akawaamkia shikamoo kwa sababu walikuwa na ndevu. Mawingu yalipofunguka tuliuona mji chini, mabati yanang'aa, na Elia akabishana nami lipi ni bati letu.

Pale kwenye mipaka ya mashamba ndipo nilipochuma isale, lile jani refu linalopandwa kutenganisha shamba na shamba. Mama alizoea kusema, "Mwenye isale mkononi hafukuzwi." Sisi Wameru wa mjini tulijua hicho kipande tu. Nikampa Zawadi alibebe, nikamkataza kulitumia kupigia nzi.

Baba mkubwa alikuwa ameketi uani, mguu juu ya kigoda. Mama mkubwa alikuwa anamenya ndizi. Tukaamkia. Badala ya kuitikia, baba mkubwa akalikazia macho lile jani, na mama mkubwa akaacha kisu.

"Nani amewatuma na hilo?"

"Hakuna, Baba Mkubwa," nikasema.

"Isale huletwa na mtu aliyekosa, anaomba asamehewe. Ninyi mmekosa nini?"

Tukatazamana. Elia akaninong'oneza, "Dada, labda yale mapera."

Zawadi akanyoosha mkono wenye jani. "Kosa letu tunataka kukaa pamoja," akasema, maneno yakipita penye pengo la meno.

Mama mkubwa akageuka, akajifuta uso kwa pindo la kanga. Baba mkubwa akaushusha mguu kwenye kigoda, akaniinamia.

"Nani atawapikia hawa?"

"Mimi."

"Na wewe shule?"

"Nilishaacha, nilipokuwa namuuguza mama. Wao hawataacha."

"Una shingo ngumu kama baba yako," akasema. Kisha akalipokea jani kwa mikono miwili, nasi hatukujua kwamba kwa kulipokea tu, shauri lilikuwa limekwisha. "Jumapili waje, watanikuta nimeshasema. Ila isale haipokelewi bure. Mkishakuwa watu wazima mtapanda tena kwa miguu, wote watatu pamoja, mje mnioneshe kwamba kweli mlikaa pamoja."

Tulipewa loshoro, yaani ndizi na mahindi kwenye maziwa ya mgando, tukala mpaka Elia akalegeza mkanda. Tukashuka na mkungu wa ndizi, na nyumba ile ya Kimandolu haikufungwa.

Elia sasa ni fundi wa magari Mwanza. Zawadi ni muuguzi Mtwara. Siku hizi kila mtu ana simu na tunaonana nyuso kila wiki, jambo ambalo zamani lingehitaji nauli na ruhusa. Lakini Krismasi hii mmoja yuko zamu, ile nyingine mwenzake ana mgonjwa. Barabara imefika juu kabisa, bodaboda inakushusha mlangoni, na wageni wanalipa kuoneshwa mbega tuliokuwa tunawaamkia bure.

Mimi bado naenda, peke yangu, na naenda kwa miguu. Baba mkubwa haoni tena. Akisikia shikamoo yangu hunishika mkono, akasikiliza kidogo upande wa njia.

"Wenzako wako nyuma?"

"Wako nyuma, Baba Mkubwa. Wanakuja."

"Marahaba," anasema. "Kaa, tuwasubiri."