Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Verdiana alitoka Natta, akaolewa Tarime mjini, akafiwa na mume. Tangu hapo alitulisha mtaa mzima ugali na maharage kwenye kibanda cha mabati. Kila asubuhi alifagia na kumwagia maji mbele yake. Jirani lilisimama pagala la Nchagwa: kuta bila paa, nyasi zinamzidi mtu kimo, nyoka, na uvundo wa walevi waliojisaidia humo.

Ikatangazwa operesheni ya usafi. Bwana afya, Vincent, shati limenyooka kama kazaliwa nalo, alilipita pagala kana kwamba halioni, akasimama kwa Verdiana.

"Mama, kibanda hiki kinachafua mji. Kesho nisikikute."

"Na lile pale, bwana afya?"

"Mwenyewe hajulikani."

Hajulikani! Nchagwa, anayeuzia mji mzima mabati na simenti, anayekalia kiti cha mbele kila harusi! Alipoulizwa, alijibu nyumba ni ya ukoo. Vincent akaridhika. Yeye mwenyewe alikuwa anajenga wakati huo, na simenti alikoitoa hatukuuliza. Tulijua.

Verdiana hakulia. Alivunja kibanda, akaazima fyekeo, akafyeka pagala lote, akasomba taka kwa mkokoteni, akaezeka chumba kimoja kwa mabati yake, akawasha moto. Wateja tukamfuata. Vincent alipita akatazama pembeni. Angemwondoa kwa niaba ya nani?

Aliyeshindwa kuvumilia ni Nchagwa. Miaka yote nyoka hawakumkera. Mjane anayepika ndiye aliyemchoma roho. Alikwenda ofisi ya kata, watu wamejaa, akapaza sauti:

"Huyu mwanamke kavamia nyumba yangu! Nimeijenga kwa jasho langu!"

Mtendaji wa kata, mama Eunice, alikuwa mgeni kwetu na hakuwa na deni la hisani kwa mtu. Akamgeukia Vincent, aliyekuwemo humo ofisini.

"Kumbe mwenyewe anajulikana. Mpe notisi leo hii. Aezeke au abomoe."

"Kwa kweli ni ya ukoo..." Nchagwa akaanza. Tulicheka mpaka akatoka.

Akabomoa, akidhani anamkomoa Verdiana. Mama Eunice akampatia mama yule nafasi sokoni. Sasa tunatembea mbali kidogo kwenda kula. Vincent naye huja, shati lake lile lile. Verdiana humpakulia sawa na wengine, ila salamu yake haitikii.