RAM Niliyoitoa kwenye Kompyuta ya Mama

Kompyuta yangu na ya mama zilinunuliwa pamoja, zote kuukuu, kutoka ofisi moja hapa Garissa iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Zilifanana kama pacha. Yangu ilikuwa ya masomo niliyosoma mtandaoni baada ya kazi. Ya mama ilikuwa macho yake. Alifundisha kina mama kusoma na kuandika mpaka presha ya macho ikampunguzia nuru, ndipo nikamwekea programu ya kukuza herufi, neno moja likawa linajaza nusu ya kioo. Humo alisoma tafsiri ya Kurani, na humo aliandikiana na mdogo wake anayekaa Elwak, habaryar wangu, yaani mama mdogo.

Yangu ilipoanza kukwama kila nikifungua somo, nilimpelekea fundi wa sokoni. Akasema inataka kuongezewa memori, akaniuzia kipande cha RAM. Nyumbani nilikipachika, kikaingia bila shida. Nilipowasha, kioo kilibaki cheusi na mashine ikalia pi, pi, pi.

Nikarudi. Fundi akasoma kibandiko, akatikisa kichwa.

"Samahani, abaayo, dada yangu. Umbo ni lilelile, lakini hii inakula umeme mwingi. Mashine yako inataka ya umeme mdogo, ile yenye herufi L. Hapa sina. Naagiza Nairobi."

Mtihani wangu wa mtandaoni ulikuwa umekaribia. Mama alikuwa akiswali alasiri chumba cha pili. Nikaipindua kompyuta yake, nikafungua skrubu, nikaona vipande viwili vya RAM, vyote vina L. Nikatoa kimoja. Ningengoja amalize swala nimwombe, na najua angesema chukua. Niliichukua ruhusa ile kabla hajaitoa. Nikaiwasha yake, ikawaka. Nikajiambia yatosha.

Yangu ikawa nyepesi ajabu. Nilifanya mtihani, likaja somo jingine, kisha jingine. Kwa fundi sikurudi kuulizia.

Mama hakulalamika. Niliona tu kwamba anakaa mbele ya kompyuta muda mrefu na maneno hayaongezeki. Siku moja nilimkuta akibonyeza kitufe kimoja mara nyingi, ameinamisha uso karibu uguse kioo. Nikamuuliza kama anataka chai. Chai! Nikaenda kuichemsha na iliki, nikamletea, nikarudi kwenye masomo yangu.

Kisha jioni moja nilitoka kazini nikaikuta kompyuta yake juu ya kitanda changu, imefungwa vizuri ndani ya shali. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Wape watoto wa jirani," akasema. "Mimi imenishinda, hooyo. Naandika neno, silioni. Naliandika tena, mara yanatokea mawili. Nikiongea na habaryar wako, uso wake unaganda, na mimi sijui nimebonyeza nini. Macho nilishazoea. Sasa ni akili."

"Si akili, hooyo," nikamwambia; sisi huitana hivyo, mama na mwana.

"Nimeshamwambia habaryar wako. Amelia sana."

Nilikaa kitandani kando ya ile shali. Nikamwambia yote: fundi, herufi L, skrubu, alasiri ile. Nikamweleza kwamba ile programu ya herufi kubwa ndiyo inayohitaji memori nyingi kuliko zote, na mimi nilimnyang'anya nusu. Sikuweza kumtazama.

Akasogea kutoka mlangoni.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Wallahi?"

"Wallahi, hooyo."

Akakaa, akafunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yakimtetemeka. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Nikachukua bisibisi palepale, nikakitoa kipande kwenye yangu nikakirudisha kwenye yake. Asubuhi nilikwenda kwa fundi. RAM ya Nairobi ilikuwa imefika zamani, imekaa kwenye droo yake ikinisubiri.

Tukampigia habaryar kumtuliza. Simu haikupatikana. Alikuwa tayari njiani. Mwanamke mwenye magoti mabovu alipanda basi kutoka Elwak, akavumilia vumbi na vizuizi vya polisi, kuja kumuaga dada yake kabla hajamsahau.

Alifika na kibuyu cha samli. Alimshika mama mashavu kwa mikono miwili, akamuuliza, "Mimi nani?"

"Wewe ni yule aliyemwaga maziwa ya ngamia akanisingizia mimi," mama akajibu.

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Habaryar alipouliza ule ugonjwa umekwenda wapi, niliweka sinia chini na kufungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Hakuna ugonjwa. Nilikukumbuka tu, nikakosa njia nyingine ya kukuleta."

Habaryar akampiga begani, akamwita mwongo. Mama akacheka naye. Mimi nikamimina chai kwenye vikombe vyao, na habaryar akanishukuru, akaniombea dua kwa jinsi ninavyomtunza mama yangu.