Mayai ya Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kwa sababu ya yai. Nilikuwa nimefika Moiben asubuhi hiyo, sare bado ina mikunjo ya sanduku, na Sista Mkuu wa kituo cha afya akanisukuma mbele ya benchi la wajawazito nitoe somo la lishe. Nikalitoa kama nilivyofundishwa chuoni. Mama mjamzito ale mayai yaliyoiva mpaka kiini kikauke, anywe maziwa yaliyochemshwa, ale maharagwe, mboga za managu, na nyama akiipata. Nilipotaja mayai, benchi zima likatazama sakafu. Mama mmoja alijifunika mdomo na leso.

Sista Mkuu alikuwa mwanamke mpana, kofia yake imepigwa wanga hadi inasimama yenyewe. Aliniita ofisini akafunga mlango.

"Wewe umetoka Vihiga jana," akaniambia. "Hapa habari ya mayai tunaachana nayo. Mama mkwe akisikia tumemwambia mke wa kijana wake ale mayai, huyo msichana hutamuona hapa tena. Utanifungia kliniki. Waambie tu wale vizuri."

Wale vizuri! Nimestaafu, magoti yamechoka, lakini maneno hayo mawili bado yananichemsha damu. Vizuri ni nini? Mtu amekalia gunia la mahindi yaliyoota ukungu, anakunywa maziwa mabichi kutoka kwa ng'ombe, mayai yote yanaenda sokoni, halafu umwambie ale vizuri na umwandikie tarehe ya kurudi. Afadhali ungemwambia mvua inanyesha.

Nyinyi wauguzi vijana mnaosoma haya, kazi yetu wakati huo ilikuwa ya mikono na macho. Mashine ya kupima damu ilikuwa mjini Eldoret, si kwetu. Tulimshika mama, tukashusha kope la chini la jicho, tukaangalia rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, shukuru Mungu. Ikiwa nyeupe, damu yake imepungua, na mwenye damu iliyopungua akivuja wakati wa kuzaa hana akiba. Tuliwapa vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu vinavyofanya choo kuwa cheusi, tukawaambia wasivimeze na chai kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Tumbo tulilipima kwa vidole, kutoka kitovuni kwenda juu, tujue kama mtoto anakua.

Jeruto alikuja kliniki mimba yake ikiwa imeshaonekana wazi. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, ameolewa karibu na soko, mke wa mkulima. Yeye ndiye aliyekamua ng'ombe, yeye ndiye aliyefuga kuku, na watu walijua mayai yake kwa sababu aliyapanguza kabla ya kuyauza. Nikashusha kope. Ndani palikuwa peupe kama ganda la kitunguu saumu.

"Jeruto, unakula nini?"

"Nakula vizuri, Sista." Akacheka. Kwenye pindo la leso yake palikuwa na fundo, na ndani ya fundo palikuwa na odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni. Alikuwa akiyatafuna kama karanga. Mwili ukikosa chuma, mara nyingi huanza kutamani udongo, na udongo wenyewe hauna msaada ila minyoo na tumbo kufunga. Vidonge alikuwa amevitupa. Aliambiwa vinanenepesha mtoto.

"Uliambiwa na nani?"

"Na mama," akasema, maana yake mama mkwe wake.

Basi nikaenda huko nyumbani. Sista Mkuu alinikataza, nikaenda siku yangu ya mapumziko, ambayo hakuwa na mamlaka nayo. Mama mkwe alinipokea vizuri mno. Kila mtu alimwita Kogo, ndivyo wenyeji wanavyomwita nyanya, na mimi nikamwita hivyo. Alinikalisha kwenye kiti cha kitambaa, akauliza habari za kwetu mpaka za ng'ombe wetu. Kisha akaingia jikoni, na aliporudi aliniletea chai ya maziwa na sahani ya mayai ya kukaanga. Mayai mengi, yanang'aa mafuta. Jeruto alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, birika mkononi, akisubiri kuniongeza chai. Mayai ni yake, kuku ni wake, na ni yeye aliyeyaokota asubuhi.

Nilisema, "Kogo, asante. Lakini haya mayai naomba ale Jeruto."

"Wewe kula, Sista. Wewe ni mgeni. Huyu ana mimba."

"Ndiyo maana nataka ale yeye."

Nikainuka, nikampelekea Jeruto sahani pale mlangoni. Hakuigusa. Alimtazama Kogo, akanitazama mimi, akatazama chini, birika bado mkononi.

Kogo hakukasirika. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mama mkwe mchawi, ingekuwa rahisi kumchukia. Aliweka mkono kwenye paja langu akasema polepole, "Mimi nilikuwa na dada. Alipopata mimba alikula kila kitu, mayai, nyama, asali. Mtoto akakuwa mkubwa, akakwama. Siku mbili tunasikia akilia, siku ya tatu akanyamaza. Mimi nimezaa watoto wangu wote wadogo, wametoka kama mbegu ya boga. Sasa wewe unataka huyu akwame?"

Nikamweleza. Mtoto hakwami kwa sababu ya yai, hukwama kwa sababu ya nyonga au namna alivyolala, na kwa hilo kuna hospitali ya Eldoret na daktari wa upasuaji. Kumnyima mama chakula hakumlindi, kunampunguzia damu na kumfanya azae mtoto dhaifu. Nikamwambia achemshe maziwa mpaka yapande hata kama ni ya mursik, yale ya kugandisha, ndipo ayatie kibuyuni, kwa sababu maziwa mabichi yana vijidudu vya brusela, na brusela huharibu mimba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Chai inapoa." Sikio la kufa halisikii dawa, lakini siku ile sikio halikuwa la Jeruto hata kidogo. Yeye alikuwa amesikia kila neno.

Jeruto aliletwa kwenye trela ya trekta, asubuhi, majira ya kupalilia. Uchungu ulikuwa mfupi. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama paka, akatoka bila hata kumchana mama yake. Halafu damu ikaanza. Wala haikuwa ya kutisha sana. Nimeona mama wenye damu ya kutosha wakivuja zaidi ya hapo, wakasuguliwa tumbo la uzazi, wakachomwa sindano, na jioni wanaomba uji. Jeruto hakuwa na ya kuvuja. Nilimsugua tumbo, nikamchoma sindano, nikamtundikia maji, Sista Mkuu mwenyewe akakimbia barabarani kutafuta gari la kwenda Eldoret. Gari lilipofika Jeruto alikuwa ameshakwenda. Mikono yangu ilikuwa bado juu ya tumbo lake.

Nikatoka nje na mtoto. Kogo alikuwa amesimama ukutani. Nikamwambia. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye kweli haelewi, "Lakini mtoto si alitoka bila shida?"

Woi! Nilipiga kelele hadi wagonjwa wakatoka wodini. Nilimwambia mimi niliandaliwa mayai ya Jeruto, nyanya na babu walikula mayai ya Jeruto, soko zima lilikula mayai ya Jeruto, na Jeruto amekufa bila damu mwilini. Nilimwambia mengine ambayo siwezi kuyaandika. Daktari wa wilaya alipopata habari alinipigia simu ya kituo. "Sista, umemtukana mzazi aliyefiwa mbele ya watu. Nenda ukaombe msamaha."

"Daktari, nani anaomba msamaha kwa Jeruto?"

Akakata simu. Sikuomba msamaha, wala sijajuta mpaka leo. Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya mavuno.

Nilipelekwa Burnt Forest. Nilikaa huko miaka mingi, hata zile za ghasia za kikabila, kuta nyeusi kwa moto, nyumba hazina mabati, na majirani hawasalimiani. Na unajua nini? Kwenye benchi langu la kliniki, watu ambao hawakukubaliana juu ya kitu chochote duniani walikubaliana juu ya yai. Mjamzito asile. Huku waliuza viazi vizuri na mahindi masafi, na yale yaliyoota ukungu wakayaosha, wakayaanika, wakayasaga, wakala wao na watoto wao. Ukungu wa mahindi hauoshwi, jameni! Sumu yake imeingia ndani ya punje, moto hauitoi, na hata kuku usimpe.

Lakini safari hii sikutaka tena kuhubiria masikio yasiyopakua chakula. Nikaweka sheria yangu: mama akija kliniki mara ya pili, aje na yule anayepakua nyumbani. Awe mama mkwe, awe nyanya, awe wifi mkali. Asipokuja naye, nitampima na kumtibu kama kawaida, lakini jioni nitafika huko kwao mwenyewe, na mdomo wangu wanaujua. Wakaja. Niliwaketisha wazee mbele na wajawazito nyuma. Niliuliza, "Nani hapa anashika mwiko?" Mikono mikavu ikainuka, yenyewe ina fahari. "Basi leo naongea na nyinyi. Hawa wengine wamekuja kusikiliza tu."

Ofisa wa afya, msimamizi wangu, alikuja kuona. Alikuwa mtu wa suti na kalamu tatu mfukoni. "Sista, hii ni kliniki ama ni baraza ya chifu?"

"Ni jikoni, bwana ofisa. Karibu, lakini uchemshe maziwa."

Wazee walicheka, naye akacheka kwa kulazimika, akaondoka. Niliwafundisha kwa sufuria, si kwa picha. Yai lichemke mpaka kiini kishikane. Nyama isiwe na damu. Maini ni mazuri, kidogo tu, si kila siku. Avokado, ndizi, dagaa wa omena, mboga za kienyeji, wape. Pombe ya busaa na chang'aa, hapana, hata kuonja, na miti shamba ya kuchochea uchungu, hapana. Mmoja alikataa kabisa, akaniambia mimi ni mgeni na nirudi kwetu nikawapikie wa kwetu. Nilimuuliza mkaza mwana wake akifa atazikwa kwetu? Ukali ndio uliokuwa lugha yangu na sikuwa na nyingine.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mjini, kliniki ya wajawazito ya hospitali kubwa. Asubuhi moja akaingia mzee wa kike na fimbo, na msichana mrefu mwenye mimba akimshika kiwiko. Yule mzee alinitazama muda mrefu.

"Sista," akasema, "nimekuletea mtu."

Nilimjua kwa ile sauti. Ilikuwa ni Kogo. Na msichana alikuwa Chebet, yule mtoto mdogo kama paka, ambaye Kogo alikuwa amemlea mwenyewe tangu siku ile. Nikashusha kope la jicho lake. Ndani palikuwa pekundu kama nyanya mbivu. Kogo akaketi kwenye benchi, akatoa mkoba, akafungua kitambaa: mayai ya kuchemsha, bado ya moto. Akaanza kuyamenya kwa vidole vyake vilivyopinda, akimpa Chebet moja moja mbele ya benchi zima. Mama mmoja aliyekuwa karibu akamwambia kwa upole, "Nyanya, kichwa cha mtoto kitakuwa kikubwa."

Kogo hakuinua macho. "Mama yake huyu alizaa mtoto mdogo," akasema. "Alitoka bila shida."

Benchi halikuelewa. Mimi nilielewa, nikalazimika kuingia stoo. Nilipotoka alikuwa amebakiza yai moja, akaninyooshea. Nikalichukua, nikampa Chebet. Msinifanye mtakatifu, kumsamehe sikumsamehe. Lakini nilimshika mkono, na alikuwa na mkono mwepesi sana.

Sasa ninaishi mtaa wa Pioneer, Eldoret, ninapangisha nyumba ndogo nyuma ya yangu. Mpangaji wangu, Fridah, ana mimba ya kwanza, ana kazi nzuri mjini, ana simu kubwa kuliko sahani. Wiki iliyopita nilimpelekea mayai ya kuku wangu. Akasema, "Asante Mama, lakini mayai nimewacha. Hata nyama. Kuna dada kwa video anasema mtoto akikuwa mkubwa utapasuliwa. Nakula matunda tu, na si nanasi wala avokado."

Moiben yote ikanirudia. Maisha yangu yote nimepigana na nyanya wenye fimbo, kumbe nyanya amehamia kwenye simu, amepaka rangi ya midomo! Nilimkalisha. Nilimwambia habari za Jeruto, zote, bila kumpunguzia. Fridah alianza kulia. "Lakini Mama, naogopa kupasuliwa."

"Ogopa. Hata mimi ningeogopa. Ukipasuliwa, utashonwa, utalalamika, utapona. Damu ambayo huna, hakuna mtu wa kukushonea."

Nikaingia jikoni kwake mwenyewe bila kuomba ruhusa, nikachemsha mayai mpaka kiini kikashikana, nikayaweka mbele yake na chumvi kidogo. Fridah akachukua la kwanza. Mimi nikasimama mlangoni na birika mkononi, pale ambapo mwenye mimba husimama mgeni akila, na sikuondoka mpaka sahani ikawa tupu.