Kumsemea Mtoto Bila Kumtaja

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, kuna moja ninayoikumbuka hadi harufu yake ya njegere mbichi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya vilima vya Butembo, nami nimesimama katikati ya ua wa shangazi yangu nikiwahutubia kuku. Usicheke. Kesho yake nilikuwa niseme redioni, na mtu ambaye hajawahi kusema redioni hufanya mazoezi mbele ya yeyote anayekubali kumsikiliza.

Shangazi huyo tulimwita Tantine Kavira. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na sasa aliongoza kamati ya parokia yetu ya kutetea haki za watoto. Mimi nilitoka kwetu Kasugho kuja kusoma, nikapewa kitanda kwake, na sikuhitaji kuombwa sana ili niingie katika kamati. Nilikuwa na sauti, mwanangu. Nilijua ninayo, na kila aliyekaa karibu nami alilazimika kujua pia.

Wakati huo tulikuwa tunaishi na msichana mmoja, Masika, aliyetoka Masereka. Baba yake, mkulima wa viazi, alikuwa amekubali kumwoza kwa mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa, na mbuzi wa mahari walikwisha kufungwa uani. Nyanya yake, koko kama tunavyosema huku, ndiye aliyemtorosha. Alimpandisha juu ya lori la viazi na kumfikisha kwa Tantine, naye mtoto akashuka akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Tangu hapo Tantine na mchungaji wetu walikuwa wanapanda Masereka kila wapatapo nafasi, kuongea na yule baba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa na maisha, tena mwenye haya nyingi. Polepole alilegea, akasema atarudisha mbuzi na mtoto atarudi darasani muhula ukifunguliwa. Aliomba neno moja tu, kwamba mambo ya nyumba yake yasitembee vinywani mwa watu.

Ombi hilo lilinichukiza. Niliona ni la mtu anayetaka kujificha, na mimi nilitaka Kivu yote isikie. Basi nikatunga maneno yangu, na nikajiona mwerevu sana kwa sababu jina la ubatizo la yule mtoto sikuliweka. Niliacha Masika peke yake. Unajua mwenyewe, kwetu sisi Wanande Masika ni binti wa kwanza, na kila nyumba ina wake. Nani angejua ni yupi?

"Masika wa Masereka," niliwaambia kuku kwa sauti ya kanisani, "mutoto wa mulimaji wa viazi pale karibu na mashini ya kusaga, alikimbilia kwa koko yake siku mbuzi zilifika..."

"Kanyere," Tantine aliniita. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya njegere. "Kuya hapa. Ikala."

Nikaenda nikakaa.

"Kule kwenu Kasugho, redio ikisema: Masika, baba yake anapasua mbao, nyumba yabo iko chini ya shapeli, alikimbilia kwa koko yake. Utamujua?"

Nilicheka. Kabla sijafikiri, jina la baba wa huyo Masika wa kwetu lilikwisha kunitoka mdomoni, na la mama yake, na rangi ya mlango wao.

"Donc weye uko huku Butembo na umemujua. Bale banaishi naye kilima kimoja batashindwa?"

Nikabisha, "Mais Tantine, batu hapana kusikia kama hatubaonyeshe mutoto. Na tukinyamaza, ba Masika wengine bataolewa."

"Nani alisema tunyamaze? Sema. Sema nguvu, hata kuku zikimbie. Mais ile habari ni ya mutoto, si yako." Akamenya nyingine mbili tatu, kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Alikubali."

Hapo akaweka sahani chini. "Anakula kwangu. Analala na weye kitanda kimoja. Ukimuomba kitu, atakatala namna gani?"

Nilikasirika, mwanangu, sikufichi. Nilikuwa nimeona akilini jinsi watu wa Kasugho watakavyokusanyika kwenye redio na kusema, sikieni, ni Kanyere wetu. Tantine akanitazama kwa macho yale ya mwalimu.

"Enda umuulize tena. Mais umuambie kwanza: akisema hapana, chakula iko, kitanda iko, masomo iko."

Nilimkuta Masika nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa majivu. Nikamrudishia maneno ya Tantine vilevile, kwa mdomo mzito wa mtu aliyetumwa. Hakuinua kichwa. Alisugua, akasugua tena mahali palepale palipokwisha kung'aa.

"Kweli, yaya?" aliuliza, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. "Hata nikisema hapana?"

"Kweli."

"Basi hapana."

Akaanza kulia. Akaniambia kwamba tangu siku niliyomwomba hajalala vizuri, kwa sababu wasichana wa shule yao wangesikia redio na wangemngoja njiani wamcheke. Na baba yake angesikia akiwa katikati ya waumini wenzake baada ya ibada, na asingemtaka tena nyumbani. Mimi niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja sikuwa nimeona kwamba halali. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikashika sufuria ya pili tukasugua pamoja.

Kesho yake nilisema redioni, na Masika hakuwemo. Nilisema sheria ya nchi yetu inakataza kumwoza mtoto asiyetimiza miaka kumi na minane, hata kama baba amekubali, hata kama mbuzi wamekwisha kula majani ya ua. Niliuliza wachifu wanapitisha vipi ndoa za namna hiyo, wachungaji na mapadri wanazibariki vipi, na mwalimu akiona kiti kitupu darasani anangoja nini ili aulize. Nikaeleza mahali mzazi au mtoto anaweza kuja, na kwamba atasikilizwa bila habari zake kutolewa nje. Kijana wa mitambo alipiga miayo. Lakini wiki ile alikuja kwa Tantine mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona, ameshika mkono wa binti yake. Alituambia amekuja kwa sababu alisikia kwamba hatutoi majina.

Na muhula ulipofunguliwa, baba wa Masika alishuka mwenyewe kumchukua mtoto wake. Alikunywa chai, akashukuru, akabeba mfuko wa mtoto begani. Njiani hakuna aliyewageukia. Walikuwa tu mtu na binti yake wanaokwenda kupanda lori.

Leo Masika ni mama wa watu. Tukikutana sokoni ananiita yaya kutoka mbali, tunakumbatiana, na watoto wake wakimuuliza tulijuana wapi anawajibu kwamba tulilala nyumba moja. Anaishia hapo. Siku akitaka kuendelea ataendelea mwenyewe.

Sasa nakuja kwako, mwanangu. Jana ulinionyesha kwenye simu yako picha ya yule mtoto aliyekimbia vita akaja kujisitiri huko Beni. Uso wake mzima, jina lake, jina la kijiji, na yote yaliyompata, na wewe umejaa furaha kwa sababu watu wengi wameipenda. Najua una moyo mwema. Mimi pia nilikuwa nao, tena na kuku walinisikiliza vizuri. Lakini yule mtoto atakuwa mtu mzima, na ile picha bado itakuwa inatembea. Iondoe leo. Halafu endelea kumtetea, wala usipunguze sauti. Wataje wale waliopewa kazi ya kumlinda wasiifanye, waulize mbele ya watu, wasumbue mpaka wachoke. Yeye mfunike. Na unapomwomba ruhusa mtoto anayekula mkononi mwako, kwanza mpe nafasi ya kukataa, kisha ndipo usikilize jibu lake.

Nakuona umeanza kufikiri ni Masika gani huyo, na ni mashini gani ya kusaga ya kule Masereka. Acha. Jina nililokupa si lake, na kilima si chake, wala baba yake hakulima viazi.

Mungu akupe sauti isikike Butembo na Beni, hata Kinshasa. Akupe na ulimi unaojua pa kukomea. Na kila mtoto utakayemsemea, akikua, akutane nawe sokoni na akuite kutoka mbali, mbele ya watu wote, bila woga.