Butoni Nyekundu na Mananasi ya Idjwi

Wacha niwaambie miye mwenyewe, kabla hamujaiona ile video mu telefone ya mutu mwingine: ndiyo, yule maman wa kombinezo ya bluu, nguo ya kazi, anayeokota mananasi mu ziwa huku bandari yote inamucheka, ni miye Noela, na sitakana.

Kazi yangu ni kufunga masini mu mabateau, meli za ziwa hili: radio, GPS, na ile inayopima kina cha maji. Kampuni yetu iko ndogo, tuko wanne tu, na mwanamuke niko peke yangu. Mara ya kwanza niliingia mu bateau ya Papa Mushagalusa (kapiteni muzee, anapeleka abiria Goma tangu sijazaliwa), aliniuliza kama nimeletea fundi chakula. Nilimwambia fundi njo miye, na kama chakula iko, alete. Tangu ile siku hatukupendana.

Sasa, ile asubuhi patro wetu, mwenye kampuni, Papa Deo, alikuwa amealika wakubwa wa bandari na wenye mabateau waje kuona radio mupya niliyofunga mu bateau moja iliyokuwa hapo ku gati. Beignets, yaani mandazi, zilikuwepo, sukre ya kunywa ilikuwepo, kila mutu amevaa vizuri. Ile radio iko na butoni nyekundu chini ya kifuniko kidogo. Bateau ikianza kuzama, unafinya, unashikilia, na radio yenyewe inapiga alarme mu mabateau yote yenye radio kama hiyo, inasema ni bateau gani na iko wapi. Kwa kuonyesha watu, unatakiwa kwanza kuchomoa kamba ya antene na kufunga pale kifaa kidogo cha majaribio, ili alarme isitoke inje. Hiyo najua, hata ukiniamusha mu usingizi nitakuambia. Lakini kile kifaa nilikuwa nimekisahau mu gari, na gari iko kule juu ku barabara, na munajua vile Bukavu inapanda, na jua linawaka, nikasema mu roho: Noela, utafinya kidogo tu, utaachilia haraka, nani atajua?

Nikafinya kidogo, nikaachilia. Mukubwa mumoja wa bandari, beignet mu mukono, akasema: "Na mbona unaachilia? Huyu maman anaogopa masini yake!"

Watu wakacheka. Papa Deo naye akacheka, na hicho njo kiliniuma. Nikarudisha kidole, nikafinya, nikashikilia nikimwangalia yule mukubwa mu macho, bip, bip, bip, na kisha biiiiip moja ndefu.

Ilikuwa imetoka.

Hapo ningechukua mikro niseme tu "samahani wakapiteni, ni makosa, hakuna mutu anayezama", na mukasa ungeishia pale. Lakini miye nilikimbilia nyuma ya radio, nikachomoa kamba ya batri. Radio ikazima kimya. (Nilijiona mwenye akili sana.) Kumbe huko ziwani wakapiteni walikuwa wanatuita, wanaita tena, na hakuna anayejibu, na bateau iliyolia kisha ikanyamaza, kila mutu wa ziwa anajua maana yake.

Nikageukia wageni: "Munaona? Inafanya kazi." Nikachukua beignet.

Sikuimaliza. Kwanza tuliona bateau ya Papa Mushagalusa, iliyokuwa imetoka asubuhi ile ile kwenda Goma, inarudi mbio na moshi mweusi, abiria wote wamevaa majile ya kuelea, wamama wanaimba nyimbo za kanisa kama watu wanaojiandaa kukutana na Mungu. Nyuma yake boti la mbao la kisiwa cha Idjwi. Na nyuma ya lile boti, juu ya maji, kitu kama njia ya manjano. Papa Deo aliuliza: "Ile ni nini?"

Ilikuwa mananasi. Maman mumoja wa Idjwi, Mwa Chantal, alikuwa analeta mananasi ku soko, na aliposikia ku radio ya boti kwamba watu wanazama alimwaga vikapu vyake vyote mu maji, ili boti liende mbio na watu waliookolewa wapate mahali pa kukaa.

Alishuka ku gati akihema. "Nani alikufa?"

"Hakuna, maman," nikasema.

"Hakuna hata mumoja?"

"Hata mumoja."

"Mungu asifiwe." Akageuka kuangalia maji. "Sasa mananasi yangu?"

Ningetaka ziwa linimeze. Papa Deo akanishika mukono, akaninong'oneza: "Sema ilikuwa exercice, mazoezi tu. Sema tuliipanga." Nilimwangalia yule mama na vikapu vyake vitupu, nikashindwa. Nikapanda ku kiti cha wageni, nikapiga kelele: "Hakuna exercice! Ni miye nilifinya, ni miye nilikata batri. Makosa ni yangu. Munisamehe."

Matusi niliyopata siwezi kuyarudia hapa. Nikachukua mutumbwi na kasia, nikaenda kuokota mananasi (yanaelea, asante Mungu), moja moja, na kombinezo imelowa mpaka shingo, na telefone zote za bandari zinanifilme. Niliporudi, Papa Deo aliniambia mbele ya wote: "Kuanzia kesho unakaa mu magasin, unachunga vifaa. Mu mabateau tutatuma wanaume."

"Papa Deo," nikasema, "nilikosea, na nimesema nilikosea. Lakini ile radio niliifunga miye, na ilisikika mpaka mu boti la Idjwi. Mu magasin sikai."

Kisha Papa Mushagalusa, ambaye alikuwa amenitukana kuliko wote, alikohoa. "Huyu mutoto hana akili," alisema. "Lakini masini yake ililia na nikaisikia. Ile ya kwangu sauti iko chini. Kesho aje aitengeneze. Yeye, hapana mwingine."

Papa Deo akasema basi, kesho niende.

Tangu hapo sifinyi kitu kama antene haijachomolewa, hata kama gari iko kule mbali Nyangezi nitapanda kwa miguu. Hiyo nimeapa. Na kule kwetu Muhumba watoto wananiita Maman SOS, wanapiga bip bip nikipita. Wapige. Ile siku niliita musaada kwa makosa, na watu walikuja na mabateau mawili na nyimbo. Ni wangapi kati yenu mukiita kwa kweli mutapata hivyo?