Abee Siyo Jibu

Mimi nilijijua kuwa rubani kabla sijagusa usukani wa ndege, na anayeona najisifu aone tu. Nilitoka Ipole, kwa wazazi wanaorina asali, nikaja Tabora mjini kusomea urubani, nikafikia kwa shangazi yangu, fundi cherehani wa Kanyenye. Mitihani ya darasani yote niliifaulu. Kilichobaki ni kuruka peke yangu, bila mkufunzi pembeni, na hapo ndipo ndege zikalala.

Chuo kilikuwa na ndege ndogo mbili. Moja iliharibika injini, ya pili ikanyofolewa vipuri ili kuiponya ya kwanza, tukawa na wagonjwa wawili. Tuliambiwa kipuri kinakuja wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo tuliisikia mpaka mvua zikaanza na kukolea. Wenzangu waliotoka mikoa ya mbali walishinda bwenini wakicheza karata, mashati yao meupe ya urubani yakining'inia kwenye misumari.

Mimi nikipita madukani vijana wananipokea: "Rubani wa nchi kavu! Si muisukume tu iwake?"

"Chekeni," nawajibu. "Siku nikipita juu yenu mtainama."

Lakini roho iliniuma, jamani. Mkataba wa mkufunzi wetu ulikuwa unaisha pamoja na mvua, na mkuu wa chuo alishatutamkia: ambaye hajaruka peke yake mpaka mkufunzi anaondoka, arudi kwao akasubiri apatikane mwingine. Nilijua maana yake. Ukisharudi kwenu hivyo, hakuna anayekukumbuka.

Nikaamua kinywa changu kisilale kama ndege. Rubani akipewa agizo na mnara wa kuongozea ndege, hulirudia lote, ili aliyemwagiza ajue amesikia sawasawa. Siku moja shangazi akaniita kutoka kwenye cherehani: "Nenda uani uanue nguo, ukirudi niletee michembe ya viazi." Nikasimama wima: "Niende uani nianue nguo, nikirudi nikuletee michembe ya viazi."

Weee! Cherehani ikanyamaza.

"Unanirudishia maneno? Mimi?"

"Hapana shangazi, ni mazoezi ya..."

"Ukiitwa na mkubwa unasema abee, ukitumwa unakwenda. Huo ukasuku kaufanyie huko huko chuoni."

Basi nikawa mtu wa abee. Abee asubuhi, abee jioni, mvua nzima.

Ndege moja ikapona mkufunzi akiwa amebakiza siku chache tu. Nikapanda naye anijaribu kabla ya kuniachia. Mnarani alikuwa mama mtu mzima, sauti nzito ya amri, shangazi mtupu. Akaiita ndege yetu, akatoa agizo lake kwa Kiingereza kilichonyooka. Na mimi, kipaza sauti mdomoni, nikaitika kwa adabu zangu zote: "Abee!"

Mnarani walicheka mpaka tukawasikia. Mkufunzi hakucheka.

"Abee siyo jibu," alisema. "Hujasema umesikia nini. Kesho kutwa ni zamu yako ya mwisho. Ukifanya hivi tena, sikuachii ndege."

Nilirudi Kanyenye nimevimba kwa hasira. Sikuzunguka. "Shangazi, abee yako inanirudisha Ipole."

Nilitegemea kofi. Alinitazama, akauliza: "Usiporudia maneno, mnaweza kugongana huko juu?"

"Ndiyo."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo?" Akasukuma kitambaa pembeni. "Simama pale kwenye kamba ya nguo. Mnara ni mimi."

Shangazi alikuwa mnara kweli! "Rubani, zunguka beseni kwa kushoto, subiri kuku apite, kisha tua jikoni." Narudia yote. Nikimsahau kuku, ananirudisha kwenye kamba nianze upya. Abee ikinitoka, ananirushia kibiringo cha uzi. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakidhani tumechanganyikiwa wote wawili, na shangazi akawaambia wasogee, wamesimama njia ya ndege.

Zamu yangu ilipofika, mkufunzi alizunguka nami mara moja, tukatua, akafungua mlango akashuka. "Nenda," akasema. Kiti chake kikabaki kitupu. Mnara ukaita, sauti ile ile. Nikarudia kila neno la agizo, na nawaapia, kichwani nilimwona kuku akipita. Ndege ikanyanyuka kirahisi. Chini yangu mabati ya Kanyenye yaling'aa, na reli ilikata pori kuelekea Kigwa. Nilipiga kelele za furaha peke yangu kama mwehu, nikazunguka, nikatua.

Wenzangu walinipokea na ndoo ya maji, ndiyo desturi kwa anayeruka peke yake mara ya kwanza. Nikiwa nimelowa chepechepe nikampigia shangazi.

"Shangazi, nimeruka peke yangu. Nimetua salama."

Cherehani iliyokuwa ikilia ndani ya simu ikanyamaza. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kurudia neno la aliye mdogo kwake. Nikamsikia akisafisha koo, kisha polepole, neno kwa neno:

"Umeruka peke yako. Umetua salama." Akavuta pumzi. "Mwanangu!"

"Abee," nikaitika, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.